Alama Kumi za Baba Mkwe

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya baba mkwe wangu, jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, namnawisha kabla ya chakula cha mchana. Nyumbani kwake mke wa mwana hasimami mpaka mzee amalize kunawa, ajifute na kushukuru. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini kama inavyotakiwa, kwa nini kwenye mtihani wa majaribio swali langu la kumi ameliwekea sifuri, na la mwenzangu mwenye jibu lile lile ameliwekea alama zote kumi.

Hakukasirika, na hapo ndipo aliponimaliza. Aliendelea kusugua vidole kimoja kimoja, povu limejaa, kama mtu anayeulizwa kama mvua itanyesha.

"Kazi yako iko sahihi, mwanangu," alisema. "Hata njia yako ni safi kuliko ya mwenzako. Lakini nikikupa hizo kumi unaondoka. Mama yako hapa nani atamgeuza?"

Nilisimama. Mikono yake bado ina sabuni, nilisimama na jagi langu, nikaliweka chini karibu na mlango, mbali naye, nikatoka uani. Sikumtukana wala sikupiga mlango. Nilimwacha tu ameinua mikono yenye povu, mzee mzima, mwalimu wa nusu ya watu wa Kibondo, hana wa kummiminia maji.

Kutoka chumba cha pili nilimsikia mama mkwe akiuliza, "Maji yameisha?"

Msomaji wa mjini atasema hilo nalo ni jambo la kuandika? Ni jambo. Kwa miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kusimama kabla yake. Nilikuwa namwamkia nimeinama, nampa chai nimeinama, halafu jioni naenda kukaa kwenye dawati lake na kumwita mwalimu. Asubuhi mkwe, jioni mwanafunzi, na mtu wa juu yangu ni yule yule. Hebu niambie mimi nilikuwa natokea mlango gani.

Nilifeli Hisabati kidato cha nne. Masomo mengine nilipita, baiolojia na kemia nilipita vizuri, Hisabati ikanipiga chini. Nikaolewa, nikazaa, mume wangu akaenda kuchimba dhahabu upande wa Kahama na kuniacha kwa wazazi wake. Mwaka uliofuata mama mkwe akapigwa na kiharusi, upande wote wa kushoto ukalala. Tangu hapo mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha, ninayemgeuza asubuhi, mchana na jioni ili mgongo usitoke vidonda. Mabinti zake wameolewa mbali. Wanapiga simu, wanalia, wanakata.

Simchukii yule mama. Niliseme mapema kabla mtu hajaniwekea maneno mdomoni. Ila nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina mtoto anayejifunza kusimama dede, na nilikuwa naiona siku yangu ya kesho hadi ya uzee, yote ina harufu ya shuka lililoloweshwa. Kuna chuo kimoja upande wa Kasulu kinafundisha kazi ya famasia. Nilikwenda kuuliza siku niliyompeleka mtoto hospitali Kabanga. Wakatazama cheti changu, wakasema kila kitu kipo isipokuwa Hisabati. Ukipata D tu, rudi.

D tu. Ikawa ndiyo wimbo wangu.

Kibondo mjini kulikuwa na darasa la kurisiti, la kurudia mtihani, jioni, kwenye chumba cha kukodi nyuma ya maduka. Mwalimu wa Hisabati alikuwa baba mkwe, mstaafu. Nilipomwomba ruhusa hakukataa. Alisema vizuri, mtu asome, na mtoto nije naye tu, atalala kwenye kanga nyuma ya darasa. Nikaona nimepata baba. Watu walinipongeza njiani. Wengine walinionea wivu, eti nyie mna mwalimu wa kuishi naye.

Na alikuwa anajua kufundisha. Hili ndilo linalonichoma mpaka leo, kwa sababu angekuwa mbovu ningeshamsahau. Mada iliyoniangusha kidato cha nne ilikuwa ile ya kutafuta njia kwa pembe za dira, ambayo darasani tuliita beringi. Meli imetoka bandarini, imekwenda kilomita kadhaa kwa pembe fulani, imegeuka, iko wapi. Siku ya kwanza nilipomwambia mama mkwe kwamba tunasoma beringi aliuliza, mdomo ukiwa upande, "Ile iliyokufa kwenye baiskeli ya mzee?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alikuwa na maneno yule mama, kiharusi hakikuyapata.

Baba mkwe alituambia kila mmoja achore pembe ya sitini kama anavyoijua, kisha akapita kwenye madaftari. Alipofika kwangu akasimama. Nilikuwa nimechora mstari wa chini uliolala, na kutoka hapo mstari unaopanda, nyuzi sitini kutoka ardhini. Karibu darasa zima tulikuwa tumechora hivyo hivyo.

Akasema hamkosei kwa ujinga, mnakosea kwa sababu ya mahali mlipozaliwa. Sisi huku hatuna njia iliyolala. Tunapanda kwenda shamba, tunashuka mtoni, tunapanda Kibondo, tunashuka Kigoma. Ukimwambia Muha kama sisi safari ya nyuzi sitini anaona mlima wa nyuzi sitini, na mzigo kichwani. Tukacheka. Akatutoa nje hadi uwanja wa mpira, kwa sababu ndiyo sehemu pekee tambarare aliyoiamini, na akatusogeza mbali na magoli, maana yalikuwa ya chuma na chuma kinaivuta sindano ya dira. Akaiweka dira yake ndogo ya plastiki kwenye nyasi, tukasubiri sindano itulie.

"Hapa hakuna mlima," alisema. "Sahau mlima. Tazama kaskazini."

Tukatazama kaskazini, watu wazima, mmoja ana mtoto mgongoni, mwingine amevaa koti la bodaboda. Geukeni kufuata mshale wa saa. Ukigeuka robo unatazama mashariki, hiyo ni tisini. Nusu, kusini, mia na themanini. Robo tatu, magharibi, mia mbili na sabini. Kumbe ndiyo hivyo tu. Unasimama, unatazama kaskazini, unageuka mpaka uelekee unakokwenda, na ulichogeuka ndiyo pembe yako, inaandikwa kwa tarakimu tatu. Na kila unapofika mahali pengine unachora kaskazini upya, maana umehama na ulipokuwa hupo tena. Kitu nilichokikosa miaka minne kiliniingia kwa robo saa, nimesimama kwenye nyasi.

Tangu siku hiyo nikaipenda ile mada kwa wivu. Nilifanya maswali yake nikisubiri uji uchemke. Lori linatoka mji A, kilomita arobaini kwa pembe 060, hadi B. Pale linageuka kwenda kilomita thelathini kwa pembe 150, hadi C. Toa sitini kwenye mia na hamsini, unapata tisini, kumbe lori limekunja kona ya mraba na ndani ya karatasi yako kuna pembetatu mraba. Hapo ni raha. Thelathini, arobaini, hamsini. C iko kilomita hamsini kutoka A. Tanjenti inakupa pembe, unajumlisha, unajua C iko upande gani.

Lakini maswali yale yalikuwa na tabia moja iliyokuja kunikera. Yanakwenda mbali, yanakunja, halafu mwisho yanauliza: tafuta pembe ya kurudi A. Kila mara. Lori linarudi A. Ndege inarudi A. Hata yule aliyepotea msituni anarudi A. Nikamuuliza baba mkwe darasani, nikimwita mwalimu, kwa nini hakuna anayefika C akabaki huko. Darasa likacheka. Yeye akasema mtunga mitihani anataka kujua kama unaijua njia ya nyumbani.

Mwenzangu wa dawati, mke wa mwenye duka la vitenge, mama yake mtu wa Tanga, alininong'oneza, "Shoga, wewe nyumbani kwenu si ndiyo hapa hapa? Ameketi mbele yako." Tulicheka tena. Sikujua nacheka nini.

Kituo chetu kilikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kupeleka majina ya watakaofanya mtihani wa taifa, tunafanya wa majaribio. Asiyefika alama thelathini kwenye Hisabati jina lake haliendi, anasubiri mwaka mwingine. Wanasema ni kulinda sifa ya kituo. Sawa. Nilipiga msuli. Nilimgeuza mama mkwe nikijisomea kwa sauti kanuni ya sain, mpaka yeye mwenyewe akaijua, akawa ananisahihisha nikiruka neno.

Swali la kumi lilikuwa langu. Mtu anatoka kijiji A kwa pembe 130, kilomita kumi na mbili, hadi B. Kutoka B anakwenda kwa pembe 220, kilomita tano, hadi C. Tafuta umbali wa kutoka C hadi A, na pembe ya kurudi. Nilichora kaskazini kwenye kila kituo, A, B na C. Nikatoa 130 kwenye 220, tisini. Pembetatu mraba. Mia na arobaini na nne jumlisha ishirini na tano, mia moja sitini na tisa, kipeuo chake kumi na tatu. Tano gawanya kwa kumi na mbili, kwenye jedwali la tanjenti inakaribia nyuzi ishirini na tatu. Jumlisha na 130, C inaonekana kutoka A kwa 153. Kurudi, ongeza mia na themanini: 333. Niliandika, nikapiga mstari chini kwa rula. Nilitoka pale nimenyooka mgongo.

Karatasi ziliporudi nilikuwa na ishirini na nne.

Niliitazama ile karatasi kama mtu anayetazama picha ya maiti anayefanana na ndugu yake. Swali la kumi lilikuwa na mstari mmoja mwekundu, wa mshazari, kona hadi kona. Hakuna neno, hakuna alama ya kosa mahali popote, sifuri tu. Mke wa mwenye duka alikuwa na thelathini na tano. Tukaweka karatasi zetu pamoja juu ya dawati. Kilomita kumi na tatu, kumi na tatu. 333, 333. Yeye hata kaskazini ya C alisahau kuichora.

"Shoga, hii ni nini?" aliniuliza.

Nikamwambia labda mzee alisinzia. Nilitaka awe amesinzia. Usiku kucha nilimtengenezea sababu: taa ilikuwa hafifu, karatasi zilikuwa nyingi, mkono uliteleza. Mchana wake nikachukua jagi na beseni, nikapiga magoti, nikauliza. Jibu lake mmeshalisikia.

Jioni ile mume wangu alipiga simu. Baba yake alikuwa amemfikia kabla yangu. Hakuniuliza habari ya swali la kumi, aliniuliza habari ya sabuni. Akasema nimemdhalilisha mzee ndani ya nyumba yake, niende nikaombe msamaha, na huo mtihani mwaka kesho upo. Nikamwambia mwaka kesho ulikuwepo na mwaka jana. Akasema mimi siku hizi nina mdomo. Nikamwambia arudi basi amgeuze mama yake, nimwachie na mdomo. Simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Asubuhi niliingia kwa mama mkwe na maji ya moto. Nikamwamkia, "Mwakeye, mama." Aliitikia, akaniacha nimfute mgongo. Nilipomgeukia usoni alikuwa ananitazama kwa lile jicho zima.

"Umemwacha na sabuni," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Alikuja huku anajifuta kwenye suruali. Nilimwona." Bega lake zuri likatikisika, nikajua anacheka. "Nilitaka kumfanyia hivyo tangu tukiishi Kitahana. Sikuthubutu."

Nikacheka na mimi, machozi yananitoka. Nilifikiri nimepata mtu. Kisha akanishika mkono kwa ule mkono wake mmoja, na nguvu alikuwa nazo.

"Lakini mwana wanje, mwanangu, ukienda, mimi nitalala upande gani?"

Nilimlaza upande wa kulia, nikamwekea mto mgongoni, nikakaa kitandani pake hadi maji yakapoa.

Nikakaa pale ninapiga hesabu yangu mwenyewe. Mama huyu anahitaji mtu, ni kweli. Ana wanaume wawili, mume na mwana, na mabinti watatu, ni kweli pia. Hakuna aliyewahi kuwaita wote wakae chini waulizane nani atamgeuza mama. Swali hilo halikuulizwa sebuleni. Liliulizwa kwenye karatasi yangu ya mtihani, kwa kalamu nyekundu, na likajibiwa hapo hapo bila mimi. Kama mzee angeniita akaniambia, mwanangu, umefaulu, sasa tufanye nini na mama yako, ningekaa. Labda hata ningebaki mwaka. Sijui. Lakini hakuniomba nibaki. Alinifelisha ili nibaki, na akataka nijione mjinga huku nabaki. Hilo ndilo nililokataa.

Majina yalikuwa yanapelekwa mwisho wa wiki. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua karatasi yangu, nikapitia dukani kwa mwenzangu. Nilidhani ataogopa. Akafungua droo ya vitenge, akatoa karatasi yake, akanipa. "Usinitaje kwa ubaya," alisema, "ila nitaje."

Mratibu wa kituo alikuwa mama mmoja aliyehamishiwa Kibondo kutoka Mtwara, mtu wa serikali, jioni anasimamia darasa letu. Nilimpa barua niliyoandika alfajiri. Ilikuwa kurasa tatu. Alisoma ukurasa mmoja, akavua miwani.

"Mdogo wangu, huyu si mkweo?"

Nikasema ndiye.

"Haya mambo ya kifamilia mngeyamaliza nyumbani."

"Dada, nyumbani hakuna alama," nilimwambia. "Zimekatwa hapa. Mngeniwekea msahihishaji mwingine nisingekuja."

Akatazama karatasi zote mbili, ya kwangu na ya mwenzangu, akafuata mistari kwa ncha ya kalamu, A, B, C. Hakuwa mwalimu wa Hisabati, lakini 333 na 333 hazihitaji mwalimu. Akauliza kama nalala nyumbani kwa mzee. Nikasema nalala kwake, na leo jioni nitampikia. Akauliza kama naelewa kwamba barua ikishapigwa mhuri haitoki tena kwenye faili. Nikamwambia ndiyo maana nimeileta kwenye mhuri.

Basi akanirudishia kurasa zangu tatu. Akasema ndani yake kuna mama mkwe, kuna mume, kuna sabuni, kuna Kahama, na hakuna ofisi inayoweza kumjibu mtu kuhusu sabuni. Niandike kilichofanyika na ninachotaka. Akanipa karatasi safi na kona ya meza yake. Mtoto alikuwa ananivuta nywele. Niliandika polepole, na kila neno la hasira lililokuja niliuliza kama lingepata alama, nikaliacha. Mratibu aliisoma, akagonga mhuri nakala mbili, moja akaniachia. Niliikunja, nikaiweka ndani ya kanga ya mtoto. Inasema hivi:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU USAHIHISHAJI WA MTIHANI WA MAJARIBIO, HISABATI, SWALI LA KUMI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa kurisiti katika kituo chako. Katika mtihani tajwa nimepewa sifuri kwenye swali la kumi, lenye alama kumi. Naambatanisha karatasi yangu, na karatasi ya mwanafunzi mwenzangu, kwa ridhaa yake. Majibu yetu ni sawa: kilomita 13, na pembe ya kurudi 333. Yeye amepewa alama zote.

Nilipomuuliza mwalimu aliyesahihisha, alikiri kwamba kazi yangu ni sahihi, na kwamba alininyima alama kwa sababu zisizohusu mtihani.

Mwalimu huyo ni baba mkwe wangu. Hakupaswa kusahihisha karatasi yangu, kwa kunipendelea wala kwa kunizuia.

Naomba swali hilo lisahihishwe upya na mwalimu mwingine, na jina langu lisiondolewe kwenye orodha wakati nasubiri.

Ninaishi nyumbani kwa mlalamikiwa. Kwa hiyo naomba majibu ya barua hii nipewe mkononi, hapa ofisini, yasitumwe nyumbani wala kupitishwa kwa ndugu yeyote. Nitakuwa nakuja kila siku alasiri kuyaulizia, nikiwa na mtoto.

Wako mtiifu,

Mlalamikaji